Gari la Rangi ya Yai la Kanga

Scolastika wa cherehani hakuwa mtu wa kuambiwa jambo haliwezekani. Mbinga mjini hapakuwa na kwaya iliyovaa sare bila kupita mikononi mwake, na mikono hiyo ilimpa kiburi fulani, kiburi kizuri tu, cha mtu anayejua anachokifanya. Ukimwambia haliwezekani, umemwongezea hamu. Ndiyo maana shemeji yake Bernadi alikosea tangu mwanzo, siku ya kikao cha harusi, alipoitazama pikapu iliyolala nyuma ya nyumba, kuku wakiingia na kutoka dirishani, akacheka mpaka akashika tumbo.

Pikapu hiyo ilikuwa ya marehemu Stephano, mume wa Scolastika na mdogo wake Bernadi wa tumbo moja. Stephano alikuwa dereva wa chama cha ushirika, enzi zile kahawa yote ya milimani ilikuwa na mnunuzi mmoja tu. Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupishana barabarani, chama kikauza magari yake makuukuu, naye akaichukua pikapu ileile ya Pijo aliyokuwa akiiendesha miaka yote. Jumapili baada ya misa alimweka mkewe kwenye usukani, kule kiwanja cha mpira, yeye akakaa dirishani, na binti yao Edina katikati yao akichezea gia. Watu walisimama kutazama mwanamke anavyopiga rivasi. Stephano hakuwajali. Alikuwa akimwambia binti yake, "Siku ya kuolewa utakwenda kanisani na gari hili. Mama ataendesha, mimi nitakaa hapahapa nilipo."

Akafa kabla ya siku hiyo. Gari likabaki pale lilipoegeshwa, na kuku wakahamia.

Sasa Edina alikuwa anaolewa na Nathanieli, mwalimu wa shule ya msingi kule Lundo, ziwani, na ndoa ilipangwa ifungwe kulekule kwa kuwa babu yake kijana hakuweza tena kupanda milima. Kikao kilipofika kwenye habari ya usafiri, Scolastika aliweka chini bakuli la karanga alilokuwa akilipitisha, akasema, "Edina nitampeleka kanisani mimi, kwa gari la baba yake."

Elewa kwamba mwanamke huyu alikuwa amenyamaza kwenye mengi. Matangani watu wa ukoo wa mumewe walimpangia pa kukaa. Kwenye shamba la kahawa walimpimia mpaka. Siku ya mazungumzo ya mahari alikaa jikoni na kina mama wenzake, akasikiliza kupitia ukutani mwanawe anavyozungumzwa. Yote hayo aliyameza, na yalimuuma. Hili hakuwa tayari kulimeza.

Bernadi hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa tu mtu aliyepata gari. Alikuwa wakala wa wanunuzi wa kahawa, na katika mavuno mawili tu alikuwa amejipatia gari dogo jeusi lililopitia Dubai, bado lina maandishi ya Kijapani kwenye kioo, na hakuruhusu mtu ayabandue. Alipomaliza kucheka alikohoa, akasema kama mkubwa wa ukoo.

"Shemeji, mimi sina ubishi. Likionekana gari mbele ya wakwe, mpeleke mwanao. Lakini likitutia aibu mbele ya wakwe, Edina atapanda langu, na wewe utakaa nyuma ya lori na masufuria."

"Mbele ya wakwe," Scolastika akarudia. "Wazee mmesikia."

Wazee wakasema wamesikia, wakaendelea na karanga.

Kesho yake akamwita Elias, fundi magari wa karibu na soko, mtu mpole asiyependa kumkatalia mama yeyote. Elias alizama kwenye injini, akabadilisha hiki, akakaza kile, na mwishowe ile Pijo ikakohoa, ikatoa manyoya ya kuku kwenye bomba la moshi, ikanguruma. Scolastika alijigeuza kando kidogo afute macho. Sauti ile ilikuwa ya Stephano anarudi nyumbani, na alikuwa hajaisikia tangu azikwe.

"Injini haina neno," Elias akasema. "Ila bodi, mama, hii ipeleke Songea. Imeliwa na kutu."

"Songea kuna nini? Bodi ni nguo ya gari, Elias. Nguo ni kazi yangu."

Na kweli aliishughulikia kama nguo. Aliwafukuza kuku kwanza, na hiyo peke yake ilikuwa vita. Kisha akachukua karatasi za kukatia mitindo, akazibandika kwenye matundu ya kutu milangoni na kwenye madigadi, akachora kwa chaki, akakata debe la mafuta ya kula kwa kufuata mchoro uleule, Elias akamgongea ribiti. Hapo akapaka puti. Elias alitaka kumfundisha kushika kibati cha kupakia, akaambiwa asogee. Mwanamke aliyesiliba nyumba yake mwenyewe tangu msingi hadi kwenye mwamba hafundishwi kulainisha ukuta, na Scolastika aliuona mlango wa gari kuwa ukuta tu uliopinda. Aliipitisha puti kwa kiganja, akaiacha ikauke, akaisugua kwa msasa na maji mpaka ukifumba macho na kupitisha mkono hujui bati limeishia wapi.

Bampa alizisugua kwa majivu na limau, zikarudisha sura ya mtu. Siti alizishonea vitambaa kutoka mapazia ya mitumba, mahameli mekundu mazito yaliyotoka huko yalikotoka, akazitia mkanda mweupe pembeni kama joho la padri. Matairi aliyapaka dawa nyeusi ya viatu. Majirani walianza kupita uani kwa visingizio, huyu anaomba chumvi, yule anauliza kama ameona mbuzi wake, na wote waliondoka wakitikisa vichwa kwa namna iliyomfurahisha.

Ikabaki rangi. Zamani rangi ulikuwa unaipata kwa kibali, na ukiipata ni ya kijivu, upende usipende. Sasa palikuwa na duka jipya mkabala na stendi, makopo yamepangwa hadi darini, rangi hata zisizo na jina. Scolastika alichagua nyeupe ya maziwa, rangi ya mafuta ya kupakia milango ya nyumba. Muuzaji akamwambia inapenda jua, ukiianika siku moja inakauka kama kioo.

Jua, Mbinga, mwezi wa tano. Muuzaji alikuwa mgeni na Scolastika alikuwa na haraka, basi hapakuwa na mtu wa kuuliza jua gani. Ukungu ulikuwa umeukalia mji tangu Pasaka. Alipaka tabaka la kwanza, akapaka la pili, nene, bila mchirizi hata mmoja, gari likang'aa mpaka Elias akavua kofia. Kesho yake akaligusa, kidole kikanata. Kesho kutwa kikanata. Mvua za rasharasha zikaja, akalifunika kwa turubai la kuanikia kahawa, lililoinuliwa juu ya miti lisiguse rangi, asubuhi akaligusa tena, kikanata vilevile. Harusi ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumatano.

Ndipo akapata wazo, na lilikuwa wazo zuri, hata mimi ningelifuata. Kule ziwani kuna joto. Hapa mtu anavaa sweta, kule wanalala na milango wazi. Gari literemke kabla ya watu, likaanikwe kwenye upepo wa ziwa, na Ijumaa Bernadi atakapomleta Edina atalikuta limekauka kama kioo, mbele ya wakwe. Edina alikuwa kwa shangazi zake akifundwa, hakuwa na shida ya mama kwa siku hizo. Mama yake alimkuta anasukwa nywele, akamnong'oneza. Edina akasema, "Mama, mkwe haji kabla ya harusi."

"Siendi kwa wakwe. Nakwenda kuanika."

Alishuka milima polepole, ukungu wa upande wa Kingerikiti ukabaki juu nyuma yake, na kila kona alivua kitu: kwanza kitenge cha mabegani, kisha sweta, kisha kilemba. Barabara ilikuwa na unyevu, hata vumbi halikuinuka. Alipoliona ziwa alikuwa akiimba. Lundo alifikia kwa Dafrosa, mke wa katekista, aliyejuana naye tangu semina za wanawake parokiani, na hakutaka mtu mwingine ajue yuko pale. Gari aliliegesha ufukweni, kwenye mchanga msafi, pua ikitazama maji.

Dafrosa alilizunguka gari, akalisifu, kisha akasema kwa adabu, kwa kuwa mgeni alikuwa mkubwa kwake, "Dada, ungeliweka nyuma ya nyumba."

"Nyuma hakuna upepo, mdogo wangu."

"Upepo ndio huo ninaousema."

"Rangi inataka upepo. Niachie mimi, hii kazi naijua."

Dafrosa hakubishana. Akaenda kumenya mihogo.

Alhamisi jua liliwaka kisawasawa. Kufikia mchana rangi ilikuwa imeanza kushika, bado inanata kidogo tu, kama ugali uliopoa, na Scolastika alikaa kivulini akijipongeza waziwazi bila aibu. Alasiri aliona moshi ziwani. Ulisimama mbali juu ya maji, mweusi, mrefu kama nguzo, kisha ukawa nguzo nyingine pembeni yake.

"Wanachoma nini kule majini?" akauliza.

Dafrosa alichungulia, akaangusha kisu. "Hawachomi, dada. Ni kungu." Akakimbia kufunga madirisha, akarudi na kikapu.

Watu wa ziwani wanawajua kungu tangu wanazaliwa. Ni vidudu vidogo, wadogo kuliko mbu, wanainuka majini kwa wingi usioelezeka, na upepo ukigeuka wanakuja nchi kavu. Wenyeji huwakinga kwa vikapu, wakawaponda, wakawakaanga wakawa kitoweo. Lakini mtu wa milimani atawajulia wapi? Scolastika alisimama akitazama moshi unavyotembea kuja kwake. Alifunga mdomo dakika ya mwisho. Hawaumi, hawadhuru mtu, wanapita tu. Ila kitu chenye rangi mbichi hawakipiti.

Walipokwisha kupita, gari jeupe halikuwepo. Pale mchangani palikuwa na kitu cha kahawia chenye manyoya, mfano wa ngozi ya mbuzi iliyowambwa. Scolastika alilitazama, akakaa chini palepale. Akilini alimwona Bernadi akicheka, ameshika tumbo. Alijiona juu ya lori, sufuria mapajani, na gari jeusi mbele likimpeleka mwanawe. Akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu matanga, na alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akainuka, akavua khanga ya juu, akaanza kufuta mlango. Hapo akaharibu zaidi, kwa kuwa rangi ilitoka pamoja na kungu, ikawa uji.

"Usifute. Unachuna."

Nyuma yake alisimama mama mnene, mfupi, kikapu cha kungu kichwani. Habari za gari lenye manyoya zilikuwa zimeshazunguka kijiji kizima, na mama huyu hakuwa mtu wa kusimuliwa kitu anachoweza kukiona mwenyewe. Dafrosa alitazama chini, kisha akasema taratibu, "Dada, huyu ni mama Ephrasia. Mama yake Nathanieli."

Mkwe haji kabla ya harusi, na yeye huyu hapa alikuwa amekuja, macho yamevimba, khanga ina rangi na wadudu. Scolastika alitamani mchanga umfunike. Lakini alikuwa Scolastika. Alijifunga khanga vizuri, akanyoosha mgongo, akasema, "Mkwe wangu, karibu. Nilikuja kuanika gari la kumpeleka bibi harusi. Limepata ajali."

Akamweleza yote: Stephano, siti ya dirishani, kikao, Bernadi na masufuria. Ephrasia alisikiliza huku akibandua kungu kwenye boneti kwa ukucha na kuwatia kikapuni mwake.

"Na mimi siku ile ya mahari nilikuwa jikoni," akasema mwishowe. "Walipoambiana kiasi, mimi nilikuwa napuliza moto." Akapiga boneti kofi dogo. "Hapa pana mboga ya familia nzima, mkwe. Sikiliza. Maboti yetu tukiyapaka rangi kungu wanafanya hivihivi. Hatufuti. Liache lale hivyo, joto la leo na jua la kesho asubuhi vitaikausha rangi. Halafu tutalisugua kwa mchanga na maji."

Ijumaa jua lilipopanda, Ephrasia alifika na dada zake, mashemeji zake, na wake za wavuvi, kila mmoja na kipande cha gunia. Waliligusa gari. Halikunata. Wakachota mchanga ule laini wa ukingoni, wakaulowesha, wakaanza. Scolastika hakukubali kukaa, na wala hakukubali wasugue ovyo. "Msizungushe, kina mama. Mwelekeo mmoja, kama mnapiga pasi." Wakamtania kwamba mkwe amekuja na amri, wakafuata mwelekeo mmoja. Manyoya yakatoka, maji meupe yakawatiririka hadi viwikoni, mabwawa madogo ya rangi yakajaa miguuni pao. Babu yake Nathanieli aliletwa na kigoda akae atazame.

Walipolimwagia maji ya mwisho wakarudi nyuma. Gari lilikuwa laini, mkono ukipita haukwami popote. Lakini nyeupe ya maziwa haikurudi. Kila kungu alikuwa ameacha alama yake ndani ya rangi, kitone kidogo cha kahawia, vitone maelfu, kutoka bampa hadi bampa.

"Yai la kanga," Ephrasia akasema.

Lilikuwa hilo hasa. Scolastika alizunguka gari lake mara moja, akalitazama kama anavyotazama nguo iliyoshonwa tofauti na alivyokata. Hakuwa ameichagua rangi ile. Lakini angeletewa kitambaa cha namna hiyo dukani kwake, angekinunua robota zima, na alijua hilo, na moyo wake ukatulia.

Muda si mrefu gari jeusi likateremka, lori nyuma yake. Bernadi alishuka na suti, viatu vinazama mchangani. Aliliona gari kabla hajawaona watu.

"Shemeji. Hii ndiyo rangi uliyoichagua?"

"Nilichagua nyeupe. Hii nimepewa."

Bernadi hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi, maana safari hii alikuwa anaona aibu ya kweli. Akapunguza sauti. "Tulikubaliana, na wazee walisikia. Siwezi kumpitisha binti wa marehemu mdogo wangu mbele ya wakwe kwenye kitu chenye madoa. Edina atapanda langu." Akageuka kwa wale kina mama waliolowa, wenye magunia mikononi, akawasemesha kwa heshima kama mtu anavyowasemesha vibarua wa wenzake. "Samahani, kina mama. Hebu tufichieni hili gari kwanza, halafu mtuonyeshe wakwe zetu wako wapi."

Ephrasia aliukung'uta mkono wake, mweupe hadi kiwiko, akampa.

"Umewakuta," akasema. "Mimi ni mama yake Nathanieli. Hawa ni shangazi zake na mama zake wadogo. Yule kwenye kigoda ni babu. Gari hili tumelisugua sisi tangu asubuhi, mkwe. Kama lina aibu mahali, tuonyeshe, tulisugue tena."

Bernadi alitazama mkono ule. Akatazama mikono mingine, yote ina rangi. Akamtafuta mkwe hata mmoja mkavu wa kuonea aibu mbele yake, hakumpata. Mwisho akaupokea mkono wa Ephrasia, na alipouachia kiganja chake kilikuwa kimepata rangi, na hakujua akifutie wapi kwa sababu ya suti.

"Limependeza," akasema.

"Asante, shemeji," akajibu Scolastika. "Kesho tutakuwa wengi. Ukikosa nafasi, lori lina masufuria."

Hata babu alicheka. Bernadi alicheka mwishoni, kidogo, lakini alicheka.

Jumamosi asubuhi Scolastika alikaa kwenye usukani. Edina alitoka kwa Dafrosa na gauni aliloshonewa na mama yake, akaingia mbele, akajisogeza hadi katikati, gauni limejaa mpaka kwenye gia, mkono wake ukakaa juu ya gia kama zamani. Siti ya dirishani, ya mahameli mekundu, ikabaki wazi. Bernadi alikuja, baba mkubwa wa bibi harusi, mahali pake pa haki, akafungua mlango akainua mguu. Akamwona Edina alivyokaa. Mtoto yule alikuwa na siti nzima pembeni yake na alikuwa amejibana katikati.

Bernadi alishusha mguu. Akaufunga mlango taratibu, kwa mikono miwili, akazunguka nyuma, akapanda pale pa kubebea mizigo na suti yake, akashika bomba la juu, akagonga paa mara mbili kumwashiria dereva. Scolastika akatia gia, mkono wake juu ya mkono wa Edina, wakaondoka.